Kisumu hadi Nairobi: kilomita 280, dakika ngapi?

Leo nina kisa cha hesabu sahihi iliyotoa jibu baya.

Nyanya yangu alipanda ndege mara ya kwanza akija Nairobi kumwona daktari wa moyo. Mimi na digrii yangu ya tarakilishi nilikuwa nimeandika kijiprogramu cha kukokotoa umbali kati ya viwanja vya ndege. Nikakipa Kisumu na JKIA, kikanipa kilomita 280. Nikagawa kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa: dakika 21. Mjomba akapiga simu kutoka Kisumu, mlango wa ndege umefungwa. Nikamwambia mama, "Hesabu dakika 21."

Zikapita 21. Zikapita 30. Kufikia 40 mama alikuwa ameshika rozari na haongei nami.

Kosa lilikuwa wapi? Si kwenye umbali. Fomula niliyotumia inaitwa haversine, na jina hilo lilibuniwa na Mwingereza James Inman mwaka 1835, akiwarahisishia mabaharia kazi. Dunia ni mviringo, kwa hiyo njia fupi hufuata tao. Fomula ya kawaida ya kosaini hupoteza usahihi pointi mbili zikikaribiana. Haversine haina shida hiyo. Mwaka 1984 Roger Sinnott aliwakumbusha watu wa kompyuta sifa zake katika jarida la Sky & Telescope, na hadi leo waandishi wa programu tunainakili.

Hata maili ya baharini imetokana na tao hilo: ni takriban dakika moja ya digrii. Mwaka 1929 mkutano wa kimataifa uliipa kipimo cha mita 1,852. Kati ya Kisumu na JKIA kuna kama maili 151 za aina hiyo. Mwaka huohuo wa 1929, Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi. Kisumu nayo, ambako reli ilikuwa imefika Desemba 1901, ikawa katika miaka ya 1930 kituo cha ndege za majini za Imperial Airways zilizotua ziwani kutoka kaskazini. Abiria wa safari zile walilala hotelini njiani, kwani safari ya London ilikuwa ya siku kadhaa. Wenye ratiba walijua jambo nililolisahau: saa za safari si saa za kuwa hewani tu.

Ndege hutembea ardhini kwanza, hungoja zamu, hupanda polepole, kisha hupunguza mwendo mapema ili ishuke. Safari ikiwa fupi, ile kasi kubwa haidumu. Ndiyo maana ratiba ya Kisumu–Nairobi huandika kama dakika 50, na muda huo huhesabiwa tangu ndege inapoondoka maegesho hadi inapoegeshwa tena.

Nyanya alitoka akitabasamu. Akauliza mbona tumekunja nyuso. Yeye alizoea gari moshi la usiku. Kwake, dakika 50 zilikuwa muujiza.

Siku hiyohiyo nilirekebisha programu: umbali gawa kwa kasi, kisha ongeza dakika 30. Ni mstari mmoja tu, lakini ungemwokoa mama na hofu ile. Nawe ukiandika programu ya muda, kumbuka kuna mtu anayesubiri upande wa pili.