Simu Iliyopigwa Akron

Tarehe 16 Januari 1920, katika mji wa Norfolk, jimbo la Virginia, mhubiri Billy Sunday aliendesha mazishi ya pombe. Jeneza lilikuwepo, na umati mkubwa ulikuja kushangilia. Kesho yake sheria ya kupiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa vileo ilianza kutumika Marekani nzima. Waliokuwa mstari wa mbele kuipigania ni watu wa kanisa, na hasa akina mama, ambao tangu miaka ya 1870 walikuwa wakipiga magoti na kuomba kwenye milango ya vilabu. Hatuna sababu ya kuwacheka. Wengi walikuwa wake na mabinti wa walevi, na walijua vizuri jinsi mshahara unavyoishia njiani kabla ya kufika nyumbani.

Sheria hiyo ilifutwa Desemba 1933. Katika miaka yote hiyo, wanaume wawili waliendelea kunywa kana kwamba haipo. Wa kwanza, Robert Smith, alikuwa daktari wa upasuaji mjini Akron, Ohio. Kwa kuwa madaktari waliruhusiwa kupata alkoholi kwa ajili ya tiba, hakupungukiwa, na chupa zake alizificha hata kwenye makaa ya mawe ya kupashia nyumba joto. Wa pili, Bill Wilson, alishughulika na biashara ya hisa New York. Yeye aliandika ahadi ya kuacha pombe ndani ya Biblia ya familia, akamwandikia mkewe Lois. Baadaye akaandika nyingine, kisha nyingine tena. Alikuwa anamaanisha kila neno. Wanaoishi na mlevi wanajua kwamba ahadi yake ya asubuhi mara nyingi si uongo. Ila ikifika jioni haina nguvu ya kumshika.

Mwishoni mwa 1934 Wilson alitembelewa na rafiki yake wa zamani wa kunywa naye, Ebby Thacher. Alimwandalia kinywaji, mgeni akakataa. Thacher alikuwa ameingia katika Kundi la Oxford, uamsho wa Kikristo uliowafundisha watu kukiri makosa yao kwa wenzao, kulipa walichodhulumu na kutenga muda wa ukimya mbele za Mungu. Wiki chache baadaye Wilson alilazwa hospitalini kwa mara nyingine, akamlilia Mungu humo, na hakunywa tena hadi alipokufa mwaka 1971.

Alitoka na moto wa mwongofu mpya. Kwa miezi kadhaa aliwafuata walevi wa New York akiwasimulia jinsi Mungu alivyomtokea, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Daktari wake, William Silkworth, akamshauri apunguze mahubiri. Aanze na ugonjwa wenyewe, alimwambia: jinsi mwili wa mlevi unavyoshindwa kusimama ukishaonja, na jinsi akili inavyomrudisha kwenye kuonja. Mambo ya Mungu yatapata nafasi yake mtu akishajua kwamba amefika mwisho wa nguvu zake. Nadhani shauri hilo la daktari lilikuwa la kichungaji kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia kuhusu ulevi.

Mei 1935 Wilson alikuwa Akron kwa shughuli ya biashara, nayo ikavunjika. Alibaki peke yake katika Hoteli ya Mayflower, mfukoni hana kitu cha maana. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa yenye vicheko vya Jumamosi. Upande mwingine kulikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Alimpigia mchungaji mmoja wa Kiepiskopali, Walter Tunks, wasiyejuana kabisa, akamweleza kwamba yeye ni mlevi na anatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Tunks angeweza kukata simu. Alimpa majina ya watu wa kuwatafuta.

Majina hayo yalimfikisha kwa Henrietta Seiberling, mama aliyekuwa na kikundi kidogo cha maombi. Katika kikundi hicho Dk. Smith alikuwa amekiri hivi karibuni kwamba anakunywa kwa siri. Wenzake hawakumshtaki popote. Walipiga magoti pamoja naye, wakaendelea kumwombea, naye akaendelea kunywa. Kwa hiyo simu ya mlevi wa New York ilipolia, mama huyu aliipokea kama jibu.

Siku hiyo Smith hakuweza kuja kwa sababu alikuwa amelewa mno. Alikuja kesho yake, Jumapili ya tarehe 12 Mei, saa kumi na moja jioni, akiwa ameshakubaliana na mkewe Anne kwamba hawatakaa zaidi ya robo saa. Aliondoka saa tano usiku imepita. Baadaye alieleza kilichomkalisha: alikuwa amesoma na kusikia mengi kuhusu ulevi, lakini huyu alikuwa mtu wa kwanza kuzungumza naye kwa kuujua ulevi katika mwili wake mwenyewe. Wilson naye hakuja kumwokoa mtu. Alikuja kwa sababu asipozungumza na mlevi mwenzake, angeishia kwenye ile baa. Wote wawili walikuwa wahitaji, na ndiyo maana hakuna aliyejisikia kuhukumiwa.

Wilson alihamia nyumbani kwa akina Smith. Kila asubuhi Anne aliwasomea Biblia, na Waraka wa Yakobo ulipendwa sana. Sura yake ya tano inatuagiza tukiri dhambi zetu sisi kwa sisi na kuombeana, na agizo hilo ni la pande zote mbili. Hapa kwetu makanisa mengi yamezoea upande mmoja. Mnywaji wa gongo anatengwa na Meza ya Bwana, kisha anasimamishwa mbele ya usharika kutubu ili arudishwe kundini. Sisi tumekaa kwenye mabenchi tunamtazama. Nidhamu ya kanisa ina mahali pake. Lakini ibada ikiisha, mtu huyo anakwenda nyumbani na nani?

Smith alianguka mara moja zaidi, katika safari ya kwenda kwenye mkutano wa madaktari. Alirudi akiwa hoi, huku ana mgonjwa wa kumpasua asubuhi ya tarehe 10 Juni. Wilson akampa bia moja ili mikono iache kutetemeka. Msomaji mwenye msimamo mkali ataguna hapo, nami simlaumu. Ila hiyo ndiyo ikawa pombe yake ya mwisho. Baada ya upasuaji hakurudi nyumbani kwa masaa mengi, na watu wake wakahofia mabaya. Kumbe alikuwa akizunguka mjini kwa watu aliowakosea, mmoja baada ya mwingine, akitengeneza nao.

Mwezi huo huo wawili hao walikwenda kumwona wakili mmoja aliyelazwa, ambaye katika ulevi wake alikuwa amewapiga wauguzi. Aliwaambia wasihangaike kumhubiria: aliwahi kuwa shemasi, na bado anamwamini Mungu, ila anadhani Mungu hamwamini tena yeye. Wakamsimulia habari zao. Akawa mtu wa tatu.

Hivyo ndivyo ilivyoanza jumuiya ya Alcoholics Anonymous, AA kwa kifupi, yaani walevi wasiotaja majina. Kitabu chao chenye hatua 12 kilitoka mwaka 1939. Wake walioteseka nao walipata jumuiya yao, Al-Anon, mwaka 1951. Makundi ya AA yapo leo hata Nairobi. Wanachama hawaapi kuacha pombe maisha yao yote. Wanajitahidi kuikwepa leo, na kesho wanaiachia kesho.

Hata hivyo mazungumzo peke yake hayatoshi. Aliyekunywa sana kila siku akikatisha ghafla anaweza kupata degedege, kuweweseka, hata kufa. Anahitaji uangalizi wa daktari, na hospitali nyingi za wakati ule hazikutaka walevi. Agosti 1939 mtawa Mkatoliki, Sista Ignatia wa Hospitali ya St. Thomas mjini Akron, alikubaliana na Smith kumpokea mmoja, akamwandikisha kama mgonjwa wa tumbo. Hadi Smith alipofariki mwaka 1950, wawili hao walikuwa wamewahudumia karibu watu 5,000. Kila aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, Sista alimpa beji ndogo ya Moyo Mtakatifu wa Yesu kwa sharti moja: akiamua kunywa tena, kwanza airudishe kwake kwa mkono wake mwenyewe.