Moto Uliopanda Chombo: Tarehe ya Jiko la Kubebeka

Anayetaka kuijua tarehe ya jiko la mkaa lililo barazani Temeke, Dar es Salaam, na aanzie baharini, kwa watu waliolazimika kusafiri na moto ndani ya chombo cha mbao.

Katika karne ya 2 na ya 1 kabla ya Kristo, wafinyanzi wa Kiyunani walitengeneza majiko ya udongo ya kubebeka. Kwenye ukingo wake vilijitokeza vishikizo vitatu vya kukalisha chungu. Mengi yamefukuliwa katika kisiwa cha Delos, na mengine yameopolewa chini ya bahari. Vishikizo ni vitatu kwa sababu ile ile iliyowafanya bibi zetu wapange mafiga matatu: chungu juu ya vitatu hakichezi, hata mahali pasipo sawa. Nasi tunasema, jifya moja haliinjiki chungu.

Kwenye pwani yetu, kitabu cha safari cha karne ya 1 baada ya Kristo, Periplus, kinataja bandari ya Rhapta na vyombo vyake vya kushonwa. Mtepe wa baadaye nao ulishonwa kwa kamba za makumbi, ukavutwa na tanga la miyaa. Cheche moja ilitosha kuuangamiza. Kwa hiyo moto ulipewa kitanda chake: sanduku la mbao, ndani yake mchanga au udongo, juu yake mafiga. Mchanga huzuia joto lisifike kwenye mbao, na pipa la maji huwa karibu. Mpishi mzoefu hutazama upepo kabla hajawasha, cheche zipeperukie demani, mbali na tanga. Bahari ikichafuka, moto huzimwa na watu hula tende.

Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alifika Zanzibar na kisha delta ya Rufiji katika jahazi la Kuwait lililokuja kupakia boriti za mikoko. Alimwona mpishi akiwalisha mabaharia na abiria kwa sanduku la moto lililokaa juu ya sitaha. Kusi na kaskazi zilipita, nalo sanduku lilibaki vile vile.

Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid bin Said miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Lakini Kunduchi, Msasani na Mbwamaji vilikwishazoea vyombo. Makaburi ya kale ya Kunduchi, yaliyopambwa kwa sahani za kaure za China, yanashuhudia biashara ya bahari. Wavuvi wa ufuo huo walirithi akili ya sanduku: debe lililokatwa, mchanga chini, mkaa juu, na samaki aliyetoka kwenye wavu dakika hiyo hiyo.

Nchi kavu, kazi hiyo ilishikwa na fundi bati. Tandika nimekaa na fundi akikata pipa la mafuta lililokwisha kazi. Tindo na nyundo zilitoboa sahani ya makaa tundu baada ya tundu, kisha mlango wa majivu ukafunguliwa chini, kisha vikaja vishikizo vitatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa Kenya walianza kuweka kikombe cha udongo ndani ya bati ili kutunza joto na kupunguza mkaa. Majiko ya namna hiyo yapo pia katika masoko yetu.

Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote, kwa ajili ya misitu na mapafu ya mama zetu. Lakini kabla bati la mwisho halijakatwa, Kijiji cha Makumbusho pale Kinondoni, chenye nyumba za jadi za makabila yetu, kipewe na sanduku moja la moto la chomboni, na kando yake jiko moja la Tandika. Mtoto ahesabu mwenyewe: mafiga matatu, na vishikizo vitatu.

Fundi yule alipomaliza, aliweka sufuria ya maji juu ya jiko, akalitikisa kwa kiganja kulia na kushoto, kama wimbi linavyotikisa mashua. Maji yalicheza, sufuria haikusogea. Ndipo akaliweka pamoja na mengine, tayari kwa kuuzwa.