Kabla Bob Marley Hajawaimba: Beji za Buffalo Soldiers Zinavyosakwa kwa Udi na Uvumba

Wimbo wa Buffalo Soldier ulitoka mwaka 1983, miaka miwili baada ya Bob Marley kufariki, na mpaka leo DJ akiuweka ukumbi mzima unaitikia. Wengi wanaoucheza hawajui kwamba askari hao walikuwepo kweli, na kwamba kipande kidogo cha shaba kilichokaa kwenye kofia zao leo kinatafutwa kama lulu.

Mambo yalianza 1866. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimeisha mwaka mmoja nyuma, na Bunge likaidhinisha rejimenti mbili za askari weusi wa farasi: ya 9 na ya 10. Wengi wao walikuwa wametoka utumwani juzi tu. Askari wa kawaida alilipwa dola 13 kwa mwezi, na maofisa wao karibu wote walikuwa wazungu. Wakapelekwa magharibi, Texas, Kansas, New Mexico na Arizona, kulinda barabara na kupigana na wenyeji wa asili, wakiwemo Waapache. Hapo ndipo historia inapouma: watu waliokuwa wanatafuta heshima yao wenyewe walitumwa kuwasukuma wengine kwenye ardhi yao. Hata jina la Buffalo Soldiers inasemekana walipewa na wenyeji hao hao.

Beji yao haikuwa na makuu. Ni panga mbili zilizopishana, za shaba ya njano, na namba ya rejimenti juu ya makutano yake. Baada ya vita hivyo jeshi lilikuwa na rejimenti 10 za farasi, na zote zilivaa panga zile zile. Tofauti ni namba tu. Kwa askari ambaye hakuacha picha wala barua, ile 9 au 10 ndiyo karibu saini yake pekee.

Na hapo ndipo matapeli walipopata ulaji. Jeshi lilikuwa linauza mabaki ya vifaa vyake, na wafanyabiashara kama Francis Bannerman wa New York waliyanunua kwa wingi na kuyauza kwa rejareja. Kwa hiyo panga tupu, zisizo na namba, si adimu sana. Tapeli anachukua panga halisi za zamani, anazichomelea namba 10, bei inaruka. Shaba ni ya kweli, hadithi ndiyo ya uongo!

Wakusanyaji wazoefu hawaangalii mbele kwanza, wanageuza. Beji nyingi za zama zile zilishikizwa kwa vitanzi vya waya mgongoni. Lehemu inayong'aa kwenye shaba iliyofifia ni dalili mbaya. Namba na panga zinatakiwa ziwe zimezeeka pamoja, mikwaruzo na kutu vikifuatana. Ndiyo maana mwenye kuisugua beji mpaka ing'ae kama sufuria ya bi harusi anafuta ushahidi wake mwenyewe.

Kuna na suala la ilikotoka. Tangu 1979 sheria ya Marekani inakataza kuchimbua mabaki ya kale kwenye ardhi ya serikali kuu bila kibali, na ngome na medani nyingi za wakati ule ziko huko. Beji iliyookotwa kinyemela inapoteza kitu kikubwa kuliko bei: mahali pake. Ikiachwa ilipoangukia, mtaalamu anaweza kusoma nani alisimama wapi. Ikishaingia mfukoni, inabaki pambo.

Wale askari wengi majina yao hayaimbwi popote. Anayebandika namba bandia kwa ajili ya pesa anawadhulumu mara ya pili, maana anachezea alama chache walizoacha.

Wewe ukikuta beji kama hiyo imelala mchangani, ungeitia mfukoni au ungeiacha?