Omeprazoli: maudhi na madhara yake

Omeprazoli ni dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo, na ndiyo ya kwanza kuingia sokoni katika kundi la dawa zinazozuia pampu za protoni. Ndugu zake ni esomeprazoli, lansoprazoli, pantoprazoli na rabeprazoli. Ilitengenezwa Uswidi na watafiti wa kampuni ya Astra, ikaanza kuuzwa mwaka 1988, na leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Huandikiwa mwenye vidonda vya tumbo, mwenye kiungulia kisichokoma, na mwenye maambukizi ya bakteria Helicobacter pylori, ambaye huinywa pamoja na antibiotiki. Anayelazimika kumeza aspirini au diklofenaki kwa muda mrefu naye hupewa ili ukuta wa tumbo usichubuke. Kwa kazi hizo ni dawa nzuri, na imewaepusha wengi na upasuaji. Wasiwasi wa madaktari ni juu ya mtu anayeinunua dukani mwezi baada ya mwezi, bila kipimo na bila kuambiwa lini aache.

Kapsuli ya miligramu 20 ikifunguliwa, ndani kwa kawaida hamna unga bali chembe ndogo za mviringo. Kila chembe imepakwa utando unaostahimili tindikali, kwa sababu omeprazoli huharibiwa na tindikali ileile inayokwenda kuizuia. Chembe huyeyukia kwenye utumbo, dawa huingia katika damu, kisha damu huifikisha kwenye seli za ukuta wa tumbo, ambako hufunga pampu zinazomwaga tindikali. Ndiyo maana kapsuli haitafunwi wala haisagwi, na hunywewa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kwa kuwa pampu huamka wakati wa chakula. Dawa hutoka katika damu baada ya saa chache, lakini pampu iliyofungwa haifunguki tena. Mwili huunda nyingine, na tindikali hurejea taratibu kwa siku 3 hadi 5 baada ya kuacha.

Maudhi ya kawaida ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, tumbo kuuma au kujaa gesi, kuharisha au kukosa choo. Mengi ni madogo, na huisha dawa ikizoeleka au ikiachwa.

Lipo dhara moja ambalo wagonjwa wengi hawalitambui, nalo hujitokeza baada ya kuacha. Tindikali inapozuiwa kwa wiki nyingi, mwili hujibu kwa kuongeza homoni ya gastrini, inayozichochea seli za tumbo. Dawa ikikatwa ghafla, seli hizo humwaga tindikali kuliko awali. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark waliwachukua watu 120 wenye afya njema, wasio na kiungulia wala vidonda. Nusu walipewa esomeprazoli kwa wiki 8, kisha vidonge visivyo na dawa kwa wiki 4. Wengine walipewa visivyo na dawa muda wote. Katika wiki hizo za mwisho, asilimia 44 ya walioachishwa dawa walipata kiungulia au dalili nyingine za tindikali, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao. Hawa walikuwa watu wazima wa afya! Mgonjwa akipatwa na hali hiyo huamini vidonda vimerudi, akanunua tena, na mzunguko ukaanza upya. Kwa aliyeitumia muda mrefu, daktari anaweza kupunguza dozi hatua kwa hatua.

Matumizi ya muda mrefu yana hatari nyingine. Magnesiamu katika damu yaweza kushuka, na mgonjwa akapata mikakamao ya misuli, kutetemeka, moyo kwenda mrama au hata degedege. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2011. Visa vingi vilitokea baada ya mwaka mmoja wa matumizi, na kwa takriban robo ya wagonjwa walioripotiwa, vidonge vya magnesiamu peke yake havikutosha hadi omeprazoli au ndugu yake ilipoachwa. Anayetumia pia dawa ya kukojosha kwa ajili ya shinikizo la damu, au digoksini kwa ajili ya moyo, yumo hatarini zaidi.

Tindikali husaidia pia kuchambua vitamini B12 na madini ya chuma kutoka kwenye chakula. Ikipungua kwa miaka, upungufu wa damu na ganzi ya miguu huweza kufuata. Vilevile ni kinga: huua vijidudu vinavyoingia na maji na chakula. Ikidhoofika, maambukizi ya utumbo hupata njia, na tindikali kidogo hujulikana kuongeza uwezekano wa kuugua kipindupindu. Kuna pia tahadhari kuhusu mifupa kuvunjika kwa watumiaji wa dozi kubwa au wa muda mrefu, na kuvimba kwa figo, ambako ni nadra lakini kwaweza kuanza wakati wowote.

Si kila tuhuma imethibitika. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 17,000 wa moyo na mishipa kwa takriban miaka 3, baadhi wakitumia pantoprazoli. Tofauti iliyoonekana wazi ni ya maambukizi ya utumbo: asilimia 1.4 dhidi ya 1.0. Kwa hiyo mwenye sababu ya kweli ya kuitumia asiiache kwa hofu.

Omeprazoli hugongana na dawa kadhaa. Hudhoofisha klopidogreli, inayozuia damu kuganda. Kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, haichanganywi kabisa na rilpivirini, na hupunguza nguvu ya atazanaviri. Mtoa dawa aambiwe mapema.

Lingine ni kuficha ugonjwa. Kipimo cha Helicobacter pylori cha choo au cha pumzi kinaweza kutoa jibu la uongo ikiwa dawa haikusimamishwa wiki 2 kabla. Saratani ya tumbo nayo yaweza kutulia kwa muda chini ya dawa hii, maumivu yakapungua huku uvimbe ukikua. Ukiona choo cheusi kama lami, unatapika damu, chakula kinakwama ukimeza, au unakonda bila sababu, usiongeze kapsuli: nenda hospitali ukafanyiwe kipimo cha kamera. Na ukipata dhara unalolihusisha na dawa hii, mwambie mfamasia au daktari aliripoti, kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) nchini Tanzania au kwa Bodi ya Famasi na Sumu nchini Kenya.