Askari Aliyekataa Kutembea

Mwaka jana niliutupa mswada wa riwaya yangu uvunguni. Mhariri mmoja alikuwa ameurudisha na maneno manne pembeni: "Matukio mengi, sababu hakuna." Mie niliyeishia kidato cha nne nikajiona nimeonewa. Nikahamia kwenye kompyuta ya mtumba ya binamu yangu kucheza magemu ya zamani, na huko ndiko nilikokutana na historia hii.

Mwaka 1996 ilitoka gemu ya Quake huko Marekani. Mwaka huohuo kundi la wachezaji lililojiita Rangers likaitumia kuigiza kisa badala ya kushindana. Filamu yao, Diary of a Camper, haifiki hata dakika mbili, lakini njia ilishafunguka.

Wakati huo Ben Morris alikuwa ametunga Worldcraft, programu ya kuchorea ramani za Quake. Kampuni ya Valve ikainunua, ikaitumia kujengea Half-Life iliyotoka Novemba 1998. Tena walimwajiri Marc Laidlaw, mtunzi wa riwaya. Mwenzetu, jamani! Gemu yenyewe inaanza ndani ya treni. Nje ya dirisha mlinzi anagonga mlango uliofungwa. Mchezaji hanyang'anywi macho yake. Anageuza kichwa apendavyo, na maisha ya watu yanaendelea mbele yake.

Kumbe si muujiza. Fundi anaweka alama sakafuni, anaandika jina la mhusika anayetakiwa, aje kwa kutembea au kwa kukimbia, na akifika afanye nini. Kisha anatega mtego usioonekana njiani. Mchezaji akiukanyaga tu, mambo yanaanza.

Mwaka 2002 Blizzard wakatoa Warcraft III pamoja na programu yake ya ramani. Hapo hata mwanafunzi aliweza kupanga kamera, kuweka mistari myeusi juu na chini kama sinema, na kumpa mhusika maneno ya kusema. Kila mtego una sehemu tatu: tukio, sharti, kitendo.

Basi nami nikajaribu. Kisa changu: askari anarudi kijijini, mama yake yuko kisimani. Nikapanga kamera nne, nikabonyeza. Kamera zikaenda, maneno ya mama yakatokea, lakini askari kasimama kama mlingoti! Nilikesha siku mbili. Usiku wa tatu ndipo nikaona. Kamera zilikuwa na mtego wao, askari na wake, na wa askari ulikuwa na sharti: aondoke iwapo lango limefunguliwa. Mimi sikuwa nimeweka mtu wa kulifungua.

Nilikaa kimya mbele ya kioo cha kompyuta. Katika riwaya yangu shujaa anarudi nyumbani ukurasa wa 40. Kwa nini? Kwa sababu mie nilitaka arudi. Karatasi haikunikatalia kama kompyuta. Ilimwachia mhariri kazi hiyo, nami nikamnunia.

Asubuhi nikauvuta mswada uvunguni, nikafuta vumbi. Sasa kuna dada anayeandika barua. Nimefika ukurasa wa 23, na shujaa bado hajaondoka mjini. Anangoja barua imfikie, nami nangoja naye.