Mchongoano wa Darasa la 1925

Kama ulidhani kuchongoana kulianza na grupu za WhatsApp, hebu tafuta vitabu vya mwaka vya shule za upili za Marekani, hasa vile vya miaka ya 1920. Maktaba za huko zimevipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuviweka mtandaoni, kwa hivyo unavisoma kwa simu bila kulipa hata bob. Ukianza saa tatu usiku, utashtukia ni saa tisa na data imeisha. Ukiangalia picha tu utadhani ni mkutano wa wachungaji: tai, kola ngumu, nywele zimelazwa kwa mafuta, wengi hawatabasamu. Kisha unasoma kilichoandikwa chini ya hizo picha. Manze, hawa watu walikuwa wachokozi!

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kila anayemaliza shule alipata nafasi yake kitabuni: picha ndogo, jina kamili, jina la utani, vilabu alivyokuwa (kwaya, mdahalo, mpira wa vikapu), halafu mstari mmoja au miwili ya kumweleza. Mistari hiyo kawaida haikuandikwa na mwalimu. Iliandikwa na wanafunzi wenzake, kamati ndogo inayobaki shuleni jioni ikiulizana, "Sasa huyu tumwandikie nini?" Hapo ndipo unakutana na yule anayelala kwa somo la Kilatini, yule anayechelewa kila siku na kila siku ana sababu mpya, na yule aliyekata nywele fupi kwa fasheni ya wakati huo na mamake bado hajanyamaza.

Kulikuwa pia na wosia wa darasa. Wanaotoka wanajifanya wanakufa, wanaandika kwa lugha ya mawakili, na kugawia wadogo wao mali. Mpiga kelele anamwachia msichana mkimya sauti yake. Yule ambaye kila Jumatatu ana msichana mpya anawaachia wenye haya ujasiri wake. Halafu unabii wa darasa: mtu anaandika kama ni miaka ishirini baadaye, anazunguka dunia akikutana na wenzake. Mmoja ni seneta, mwingine anafuga simba kwenye sarakasi, na yule aliyefeli hesabu sasa ana benki. Huko nyuma kabisa kuna matangazo ya muuza viatu, muuza makaa na duka la aiskrimu, maana mtu lazima alipe gharama ya kuchapisha.

Sasa linganisha na mchongoano wetu. Sisi ni "mamako hivi", "kwenu ni maskini mpaka vile". Ni tamu, sikatai, nimecheka mpaka nikalia. Lakini hauhitaji kunijua. Mchongoano huo huo unaweza kumpiga nao msee wa Kayole leo na msee wa Nyali kesho, na utafanya kazi. Mistari ya vile vitabu ilihitaji mtu aliyekaa nyuma yako darasani kwa miaka, akakuona ukitafuna penseli wakati wa mtihani. Huo utani una upendo ndani yake hata kama hakuna aliyetamka neno upendo.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Pennsylvania, shule ya upili ya Parnassus, darasa la 1925. Walikuwa 44. Mmoja wao alikuwa msichana anaitwa Rachel Carson, wa mji jirani wa Springdale, ambako shule iliishia kidato cha kumi, kwa hivyo alilazimika kumalizia Parnassus. Kwao pesa ilikuwa shida. Hakuwa mtu wa makundi. Alikaa kivyake, akasoma, akamaliza wa kwanza. Unajua vile darasa humtendea mtu wa hivyo. Mgeni, mkimya, halafu anawashinda wote? Si huyo ndiye wa kumalizwa kabisa?

Wenzake walimwandikia kashairi kafupi. Walimfananisha na jua la adhuhuri, kisha wakasema haachi kusoma mpaka jambo likae sawasawa. Kwa Kiingereza neno la kitu kinachong'aa na la mtu mwenye akili ni moja tu, kwa hivyo utani ulikuwa hapo. Basi, hayo tu. Kuna kumcheka kidogo: we Rachel, hebu funga hicho kitabu! Lakini soma tena hiyo sehemu ya mwisho. Hawakusema tu kwamba ana akili. Walisema hawezi kuacha kitu kikiwa nusu sawa. Hilo huwezi kulijua kwa kuangalia alama zake ubaoni. Ni lazima uwe umemwona akifuta jibu ambalo tayari ni zuri.

Miaka 37 baadaye msichana huyo alitoa kitabu kinaitwa Silent Spring, kuhusu dawa za kuua wadudu kama DDT na vile zinavyoua ndege na samaki na kutufikia sisi wenyewe. Kampuni za kemikali zilimrukia. Wengine walimwita mwanamke mwenye hofu za bure. Lakini alikuwa amekusanya ushahidi wake kwa miaka, akaweka makumi ya kurasa za marejeo mwisho wa kitabu, na alikuwa akiandika huku saratani ikimla. Mwaka 1963 kamati ya wanasayansi ya Rais Kennedy ilipochunguza jambo hilo, ripoti yake kwa sehemu kubwa ilimuunga mkono. Alifariki 1964. Mwaka 1972 Marekani ikapiga marufuku karibu matumizi yote ya DDT. Huwezi kuniambia wale watoto wa Parnassus hawakujua walikuwa wakimzungumzia nani.

Kuna wale wa kung'aa pia. Dixon, Illinois, 1928: kijana marafiki wanamwita Dutch, kiongozi wa wanafunzi, mwigizaji. Kila likizo ya kiangazi alilinda waogeleaji kwenye mto Rock, na akiokoa mtu anachonga alama kwenye gogo. Hesabu yake ilifika 77. Huyo ni Ronald Reagan. Ukimwona kwenye kitabu cha shule unaona ni mtu anayejua kamera iko wapi, na siasa zake uzipende au uzichukie, hilo halikubadilika mpaka alipofika Ikulu yao.

Lakini si kila jina la utani lilitoka kwa mtu aliyekuangalia. Hapa ndipo naacha kucheka. Langston Hughes, yule mshairi, alisimulia mwenyewe katika kitabu chake cha maisha, The Big Sea, vile alivyopewa cheo cha mshairi wa darasa. Ilikuwa 1916, mji wa Lincoln, Illinois, anamaliza darasa la nane. Hakuwa ameandika shairi hata moja. Darasa lilikuwa na watoto wawili tu weusi, na mwalimu wa Kiingereza alikuwa amesisitiza kwamba ushairi unahitaji mdundo. Wazungu wakajiuliza, ni nani ana mdundo? Wakamchagua yeye. Anasimulia kwa kucheka, na kusema ukweli inachekesha, hasa pale anapoeleza shairi lenyewe: nusu ya kwanza kusifu walimu kwamba hakuna kama wao duniani, nusu ya pili kusifu darasa lao kwamba halijatokea jingine. Alipigiwa makofi sana.

Lakini angalia tofauti. Rachel alitaniwa kwa kile alichofanya. Langston alipewa cheo kwa sababu ya ngozi yake, na watu ambao hawakuhitaji kumwangalia hata dakika moja. Kwamba baadaye alikuwa mshairi kweli haiwafanyi wawe manabii. Walibahatisha. Na sisi huku tunajua huo mchezo vizuri: jina la pili la mtu likisomwa tu kwa rejista, darasa zima limeshajua anapenda pesa, au anapenda ugomvi, au atakimbia mbio. Tunaita jokes.

Langston alisoma shule ya upili ya Central kule Cleveland, pamoja na watoto wengi wa wahamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki, akamaliza 1920. Na huko, nani alikuwa mhariri wa kitabu cha mwaka? Ni yeye. Kalamu ilikuwa imehamia mkononi mwake. Kiangazi hicho hicho, akiwa kwenye treni inayovuka mto Mississippi, aliandika "The Negro Speaks of Rivers", shairi ambalo lilimtambulisha kwa dunia.

Kuna kitu kingine ambacho hivi vitabu havikuambii mpaka utafute takwimu. Mwaka 1920, katika kila vijana 100 wa Marekani wa miaka 17, waliomaliza shule ya upili walikuwa kama 17. Kufikia 1930 walikuwa 29. Wengine wote walikuwa viwandani, mashambani, migodini, jikoni kwa watu. Kusini, mtoto mweusi mara nyingi hata hakuwa na shule ya upili ya kwenda. (Huku kwetu, darasa la Rachel likimaliza, Alliance hata haikuwa imefunguliwa, ilifunguliwa 1926.) Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo hilo naliona haraka. Kitabu cha waliomaliza hakina ukurasa wa aliyetoka katikati, hata kama ndiye aliyekuwa mchekeshaji wa darasa. Utani wake bora uko humo ndani, umeandikwa chini ya picha ya mtu mwingine.

Kuhusu ule unabii, walikosea karibu kila kitu. Hakuna aliyetabiri kwamba Oktoba 1929 soko la hisa lingeanguka na kufikia 1933 karibu robo ya wafanyakazi wangekuwa hawana kazi. Maseneta na wafuga simba wao walipanga foleni ya supu. Lakini yule wa kuchelewa na sababu mpya, nina hakika alichelewa hata kwenye hiyo foleni.

Juni 1962, Langston Hughes alikuwa Makerere, Kampala, kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika, na mmoja wa waliohudhuria alikuwa mwanafunzi wa hapo kutoka Limuru, wakati huo akiitwa James Ngugi. Mwezi huo huo, New York, jarida la The New Yorker lilianza kuchapisha sehemu za Silent Spring. Wale wengine 43 wa Parnassus, walio hai, walikuwa watu wa miaka hamsini na kitu. Nashindwa kuacha kuwaza kwamba mmoja wao alisoma lile jarida, akaenda kabatini, akapuliza vumbi kwenye kitabu cha 1925, na kumwita bibi yake aje aone walichomwandikia yule msichana.