Sare ya Shule Inazuia Ngumi Kweli? Historia Kutoka Old Moshi Mpaka Stendi ya Mjini

Nenda stendi ya Moshi mjini jioni ya siku ya shule, muda ule madogo wanarudi nyumbani. Utaona sweta za kijani huku, za maruni kule, za bluu zimejazana pembeni ya daladala za Kibosho na Uru. Konda anaita abiria kwa sauti yote, ila mkono wake umeziba mlango, maana anayetaka kupanda amevaa sare, na mwenye sare analipa nauli ya mwanafunzi. Mita chache kutoka hapo vijana wa sweta mbili tofauti wanakodoleana macho. Leo wamepoa. Kuna siku hawapoi, na ndo unasikia "wamezichapa stendi".

Sasa wazazi wengi, walimu na hata viongozi huwa wanasema sare inaleta nidhamu na amani shuleni. Kwamba watoto wakivaa sawa hakuna wa kumringishia mwenzake, hakuna wivu, hakuna kuibiana, hakuna ngumi. Inaingia akilini kabisa. Lakini je, ni kweli? Twende taratibu, maana hii kitu ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Nguo mlimani ilianza kama siasa

Kabla ya shule, Kilimanjaro haikuwa nchi moja. Zilikuwepo himaya ndogondogo nyingi za Wamangi: Machame, Kibosho, Uru, Moshi, Kilema, Marangu, Rombo na nyinginezo. Na walikuwa wanapigana kweli. Mangi Sina wa Kibosho na Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, ni majina ambayo wazee mpaka leo wakiyataja wanakaa vizuri kwenye kiti. Misafara kutoka pwani ilileta nguo na shanga, ikaondoka na pembe za ndovu na watu. Mangi aliyekuwa na nguo za kugawa alikuwa na wafuasi. Kwa hiyo usidhani nguo ilikuwa urembo tu, ilionyesha wewe ni wa nani.

Halafu wakaja wamisionari. Waanglikana walifika Moshi mwaka 1885, Wakatoliki wakajenga Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakaanza Machame mwaka 1893. Kila upande ulikuwa na shule zake na ulilinda eneo lake. Kijana akienda kwa mapadri na mwenzake akienda kwa wachungaji, hata kabla hawajafungua mdomo watu walishajua nani ni nani.

Na usisahau hali ilivyokuwa. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na viongozi wengine, hadharani, kwenye mti kule Old Moshi. Watoto waliojifunza a, e, i, o, u miaka ile walikuwa wanajifunza chini ya serikali iliyonyonga Wamangi wao. Hiyo ndo mazingira ya shule za kwanza. Amani iliyohubiriwa darasani ilikuwa na bunduki nje.

Khaki, kahawa na jembe

Waingereza waliiteka Moshi Machi 1916, na kwa muda mrefu baadaye khaki ikawa nguo ya kila mwenye mamlaka: askari, bwana shauri, skauti. Khaki yenyewe ni neno lililotoka kwenye lugha za India na Uajemi, maana yake rangi ya vumbi. Jeshi la Waingereza kule India lilianza kuivaa karne ya 19 ili adui asiwaone vizuri. Kwa hiyo ile kaptula ya khaki ambayo kizazi kwa kizazi cha wavulana wa shule za msingi Tanzania wameivaa, asili yake ni vita. Inachekesha kidogo ukifikiria kwamba leo tunaitegemea ilete amani.

Aliyelipia nguo hizo mlimani ni kahawa. Chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933, na pesa ya kahawa ikasomesha watoto wa Kichagga kwa wingi kuliko sehemu nyingi za nchi. Mzee akiuza magunia yake, cha kwanza ni ada na nguo ya shule. Bei ilipoporomoka baada ya makubaliano ya kahawa ya dunia kuvunjika mwaka 1989, familia nyingi ziliona tofauti hiyo miguuni na mabegani mwa watoto wao.

Baada ya Uhuru serikali ilifuta shule za kubaguana kwa rangi, zile za Wazungu peke yao, Wahindi peke yao na Waafrika peke yao. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mkulima wakae dawati moja, washike jembe moja. Shati jeupe na kaptula ya khaki, shati jeupe na sketi ya bluu, vilibeba wazo hilo. Ukiangalia picha za darasa za zamani huwezi kujua baba wa nani ana gari. Kwa muda fulani ilifanya kazi. Ila wanaokumbuka watakwambia ukweli: watoto waliangalia viatu. Shati linafanana, mmoja ana raba, mwingine ana kandambili, mwingine peku kwenye umande wa Julai.

Marekani nao walijaribu

Mwaka 1994 mji wa Long Beach, California, uliamua wanafunzi wa shule za umma za msingi na za kati wavae sare. Kwao lilikuwa jambo jipya. Tatizo lilikuwa magenge ya mtaani, mengine yakijulikana kwa nyekundu na mengine kwa bluu, na mtoto aliweza kushambuliwa kwa sababu ya rangi ya kofia tu. Maafisa wa shule wakatangaza kwamba uhalifu umeshuka sana. Januari 1996 Rais Bill Clinton akasimama mbele ya Bunge lao na kuziunga mkono shule zinazotaka sare, akigusia vijana wanaouana kwa ajili ya jaketi.

Ila mwaka 1998 watafiti wawili, David Brunsma na Kerry Ann Rockquemore, walichukua takwimu za wanafunzi wa nchi nzima na kuangalia kama sare peke yake inapunguza utoro, madawa au tabia mbaya. Hawakuona. Pale ambapo mambo yalibadilika, kuna vitu vingine navyo vilibadilika: wazazi walishirikishwa, usimamizi ukaongezeka, walimu wakawa karibu zaidi. Sare ilionekana kwa macho, hivyo ikapewa sifa zote.

Sare haikuzuia risasi wala moto

Moshi kuna mtaa unaitwa Soweto. Vijana wengi wanapita pale kila siku bila kuwaza jina hilo limetoka wapi. Soweto yenyewe ya Afrika Kusini, tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana. Polisi wakapiga risasi. Picha iliyozunguka dunia nzima inaonyesha mtoto Hector Pieterson amebebwa mikononi, na dada yake anakimbia kando yake akiwa amevaa gauni la shule. Wale polisi waliona vizuri kabisa kwamba wale ni wanafunzi. Ndo maana mpaka leo tarehe hiyo ni Siku ya Mtoto wa Afrika na shule zetu zinaiadhimisha.

Sogea karibu, Kenya. Huko sare ni sheria kama ilivyo kwetu, tai na sweta mpaka mwisho. Lakini Julai 1991, shule ya St. Kizito kule Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana usiku na wasichana 19 wakafa. Walikuwa wanafunzi wa shule moja, sare moja, nembo moja kifuani. Mwaka 2001 bweni la Kyanguli, Machakos, lilichomwa moto na wavulana 67 wakapoteza maisha. Mwaka 2016 mabweni ya shule zaidi ya 100 yalichomwa ndani ya miezi michache. Hakuna anayeweza kusema watoto wale walikosa sare. Walikosa mtu wa kuwasikiliza kabla mambo hayajaharibika.

Sare inapogeuka kisa cha fimbo

Turudi nyumbani. Hapa ndo pagumu, maana tukisema "vurugu shuleni" wengi tunawaza ngumi za wanafunzi kwa wanafunzi. Mwaka 2011 ilitoka ripoti ya kitaifa kuhusu ukatili kwa watoto Tanzania. Karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa kwa namna fulani kabla ya kufika miaka 18. Na kama nusu walisema aliyewapiga ni mwalimu.

Sasa jiulize, asubuhi mstarini, kitu cha kwanza ambacho mwalimu wa zamu anakagua ni nini? Sare. Soksi siyo nyeupe, njoo huku. Sweta siyo ya shule, njoo huku. Suruali imebanwa kwa fundi, njoo huku. Wa kubana suruali na wa mlegezo tuseme wamejitakia. Lakini kuna dogo ametoka juu kabisa mlimani, jana mvua imenyesha, shati ni moja, limefuliwa usiku na halijakauka. Anachagua kati ya kuvaa bichi, kuvaa lisilo la shule au kutokwenda. Yoyote atakayochagua ana kesi.

Kanuni zenyewe zipo wazi: viboko visizidi vinne, viwe kwa kosa kubwa la nidhamu, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Soksi siyo kosa kubwa. Kwa hiyo nguo iliyoletwa ili watoto wasipigane inakuwa ndo sababu ya wao kupigwa na mtu mzima. Hili halisemwi sana.

Na mtaani ni hivyohivyo. Tangu Januari 2016 ada ilifutwa mpaka kidato cha nne, lakini sare ilibaki juu ya mzazi. Kila Januari ukipita Mbuyuni au Memorial utakuta mama anapima sweta kwa macho, anachagua kubwa namba mbili ili ifike mpaka darasa lijalo. Anakopa, analipa kidogokidogo kwa fundi. Halafu mtoto huyo anasukumwa mlangoni na konda kwa sababu ya sweta hiyohiyo.

Sasa inasaidia au haisaidii?

Tusiitupe sare kabisa, kuna mahali inasaidia kweli. Kwanza, inamtangaza mtoto kuwa ni mtoto. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi anaweza kwenda jela miaka 30. Kijana wa bodaboda anayemsimamisha binti mwenye sketi ya shule hawezi kusema hakujua, na mama muuza ndizi pembeni anaweza kupiga kelele. Pia ukiona sare mjini saa tano asubuhi unajua kuna mtu hayuko darasani.

Pili, ukimpa mtoto sare badala ya kumdai, mambo yanabadilika. Magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 2003, wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 328, na katika baadhi ya shule hizo wanafunzi walipewa sare bure. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha walioacha shule walipungua, na kwa wasichana mimba na ndoa za mapema zilipungua pia. Duflo na Kremer walikuja kupata Nobel mwaka 2019. Angalia hapo: aliyebaki shuleni ameepuka mengi ambayo yangempata nje.

Kwa hiyo jibu ni kwamba sare inamaliza ugomvi mdogo, ule wa "nguo yangu kali kuliko yako". Ugomvi mkubwa haiugusi. Na ikifika stendi inaweza hata kuuchochea, kwa sababu dogo wa sweta ya kijani hamjui yule wa maruni kwa jina, anaijua rangi tu. Ni kama enzi za Wamangi, tofauti ni kwamba sasa mipaka imeshonwa kwa cherehani.

Wachagga walikuwa na dawa yao ya ugomvi kabla shule haijafika. Aliyekosa alichukua jani la isale, akaenda nalo kwa aliyemkosea, na ilikuwa vigumu sana kwa aliyeletewa kukataa kusamehe. Masale bado yameota kwenye mipaka ya vihamba huko juu. Siyo lazima kila shule ipande isale, lakini wazo lake ni zuri: mkosaji anamfuata mwenzake, wanaangaliana usoni, wanaongea, na watu wazima wapo pale kama mashahidi bila kushika fimbo. Sweta haiwezi kufanya kazi hiyo, hata iwe mpya.

Wewe shuleni kwenu ilikuwaje? Sare iliwahi kukuokoa, au ndo ilikuponza? Dondosha stori yako hapo chini, ila jina la ticha liache.